Zimamoto Nyumbani kwa Mgonjwa: Somo Kuhusu Huduma za Paramediki katika Jamii

Utangulizi

Katika miji mingi ya Marekani, mtu anayepiga namba 911 kwa sababu ya maumivu ya kifua, kuanguka au kuishiwa pumzi hufikiwa kwanza na askari wa zimamoto. Ndani ya gari lile lile lenye ngazi na mipira ya maji huwamo pia mashine ya kushtua moyo, mtungi wa oksijeni na mkoba wa vifaa vya tiba. Idara nyingi za zimamoto nchini humo hupokea miito ya ugonjwa na majeraha mingi zaidi kuliko miito ya moto.

Kwa miaka kumi na kitu sasa, baadhi ya idara hizo zimeongeza jukumu lisilofanana na yale ya awali: kumhudumia mgonjwa pale alipo, kumuunganisha na kliniki au ustawi wa jamii, na kumfuatilia siku zinazofuata, badala ya kumpakia garini na kumpeleka hospitalini kila mara. Huduma hiyo huitwa huduma ya paramediki katika jamii. Somo hili linaeleza ilivyoanza, inavyofanyika na mipaka yake. Swali linalopita katika somo zima ni moja: mgonjwa aliyeachwa nyumbani yuko salama, na nani anajua?

Jinsi zimamoto walivyoingia katika tiba

Mwaka 1970, katika jiji la Seattle, mkuu wa zimamoto Gordon Vickery na daktari wa moyo Leonard Cobb wa Chuo Kikuu cha Washington walianzisha mpango ulioitwa Medic One. Hoja yao ilikuwa wazi. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hospitali haiwezi kumfuata mgonjwa kwa muda huo, lakini vituo vya zimamoto vimetawanyika mjini kote na vina watu walio tayari usiku na mchana. Askari wakafunzwa na madaktari katika Hospitali ya Harborview kusoma mchoro wa umeme wa moyo, kushtua moyo, kufungua njia ya hewa na kutoa dawa. Mhudumu wa namna hiyo ndiye paramediki: mtu aliyefunzwa kutoa matibabu ya dharura nje ya hospitali, chini ya mwongozo na usimamizi wa daktari.

Mfumo uliojengwa kwa ajili ya kusafirisha

Mfumo uliobuniwa kwa moyo uliosimama ulianza kuitwa kwa mambo mengine mengi. Mzee anayeishi peke yake huanguka na kukosa wa kumwinua. Mgonjwa wa kisukari huishiwa insulini siku ambayo kliniki imefungwa. Asiye na makazi hupata kidonda kisichopona. Wote hao hupiga namba ile ile, kwa kuwa ndiyo inayopokelewa saa zote.

Mambo mawili yalifanya jibu la kila mwito liwe hospitali. La kwanza ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayozitaka hospitali zenye idara ya dharura, zinazopokea malipo ya bima ya umma ya Medicare, kumchunguza kila anayefika na kutuliza hali yake bila kujali uwezo wake wa kulipa. Idara ya dharura ikawa mlango usiofungwa. La pili ni malipo. Medicare, bima inayowahudumia hasa watu wa miaka 65 na zaidi, imezoea kuhesabu gari la wagonjwa kama usafiri: gari likimfikisha mgonjwa hospitalini hulipwa, wahudumu wakimtibu sebuleni kwake na kumwacha salama, kwa kawaida hawalipwi.

Kwa hiyo mzee aliyeanguka husafirishwa, husubiri kwa saa kadhaa, hupigwa picha, huambiwa hakuna mfupa uliovunjika, kisha hurudi kwenye nyumba ile ile yenye zulia lile lile lililomkwaza. Wiki ifuatayo anaita tena.

Miundo mitatu

Idara za zimamoto hazikufuata njia moja katika kulishughulikia tatizo hili. Miundo mitatu ifuatayo inaonyesha tofauti zilizopo.

Wa kwanza ni wa Seattle yenyewe. Novemba 2019 idara ya zimamoto ya jiji hilo ilianzisha timu iitwayo Health One, inayowaweka askari wa zimamoto wenye mafunzo ya tiba ya dharura katika gari moja na ofisa wa ustawi wa jamii. Kikosi cha kawaida kikimchunguza mgonjwa na kuona hayumo katika hatari ya papo hapo, huiita timu hiyo. Nayo huwa na muda ambao gari la dharura halina: kumtafutia mtu kitanda katika makazi ya muda, kuzungumza na kliniki yake, kumsafisha kidonda. Mwaka 2023 iliongezwa timu ya kuwafuata walionusurika baada ya kuzidisha dawa za kulevya za jamii ya afyuni, kwa kuwa aliyezinduliwa leo yumo katika hatari kubwa ya kufa kwa sababu ile ile siku chache baadaye.

Wa pili ni wa jiji la Mesa, katika jimbo la Arizona. Huko paramediki hupangwa pamoja na mtaalamu mwenye mamlaka ya kutambua ugonjwa, kutibu na kuandika dawa. Kwa miito ya afya ya akili, huandamana na mshauri nasaha. Mwaka 2014 mpango huo ulipewa ruzuku ya serikali ya shirikisho ya takriban dola milioni 12.5 ili ujaribiwe kwa upana zaidi.

Wa tatu ni wa Houston, jimbo la Texas, ulioanza Desemba 2014. Hapa daktari hapandi gari. Kikosi kilichofika kwa mgonjwa humuunganisha kwa video na daktari wa tiba ya dharura. Daktari humuuliza na kumtazama, kisha huamua: aende kwa gari la wagonjwa, au apewe miadi ya kliniki pamoja na teksi ya kumfikisha, au abaki nyumbani na maelekezo.

Kinachoonekana nyumbani

Faida ya kitabibu ya ziara ya nyumbani hueleweka vizuri kwa mfano. Chukulia bibi wa miaka 74 ambaye moyo wake umedhoofika, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini siku tano zilizopita. Amelazwa mara mbili ndani ya miezi mitatu kwa kujaa maji mapafuni. Katika faili lake kila kitu kiko sawa: dawa ya kupunguza maji mwilini imeandikwa, na ushauri wa kupunguza chumvi umetolewa.

Paramediki anayeingia nyumbani kwake huanza na yale yale ya hospitalini: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni, sauti ya mapafu, uvimbe wa miguu. Kisha huomba kuona dawa zote, si zile za moyo tu. Ndani ya mfuko jikoni hukuta diklofenaki aliyonunua dukani kwa ajili ya magoti. Dawa za kundi hilo hufanya mwili ubakize chumvi na maji, na huweza kuumiza figo. Hugundua pia kwamba bibi huacha kidonge cha maji kila siku ya kwenda kanisani, kwa kuogopa kukosa choo njiani. Mambo haya mawili yanatosha kumrudisha wodini, na hakuna hata moja lililoandikwa katika faili.

Paramediki hambadilishii dawa kwa hiari yake. Humpigia daktari anayemsimamia, wakakubaliana diklofenaki iachwe, maumivu ya magoti yatafutiwe dawa nyingine, na kidonge cha maji kimezwe baada ya ibada siku hiyo. Bibi hufundishwa kujipima uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na kuandika. Uzito ukiongezeka kwa kilo 1 hadi 1.5 ndani ya siku moja, au zaidi ya kilo 2 ndani ya wiki, atoe taarifa siku hiyo hiyo bila kusubiri pumzi ibane.

Nani abaki, nani apelekwe

Hapa ndipo penye hatari. Mfumo unaojua kusafirisha tu husumbua na hugharimu, lakini mfumo unaojua kuacha watu nyumbani unaweza kuua. Mapitio ya tafiti kuhusu uamuzi wa paramediki anayeamua peke yake kwamba mgonjwa hahitaji hospitali hayakupata ushahidi wa kutosha kuuona uamuzi huo kuwa salama. Sababu yake ni ya kitabibu. Mgonjwa wa kisukari au mzee anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, akalalamikia uchovu na kichefuchefu tu. Maambukizi makali kwa mzee huweza kuanza kwa kuchanganyikiwa kabla ya homa.

Kwa hiyo mpango ulio imara huweka kanuni zisizojadiliwa mlangoni. Maumivu ya kifua, pumzi kubana, oksijeni iliyoshuka, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, kupoteza fahamu, degedege, kutokwa damu nyingi, kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, na kugonga kichwa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: hao wote hupelekwa hospitalini. Wengine huamuliwa pamoja na daktari kwa simu au video. Aliyebaki nyumbani hupigiwa simu au kutembelewa tena katika muda uliopangwa. Na mgonjwa anayetaka kwenda hospitalini baada ya kuelezwa hali yake asizuiwe. Kubaki nyumbani ni ridhaa, si adhabu ya kupiga simu mara nyingi.

Ushahidi unasema nini

Tathmini ya mpango wa Houston iliyochapishwa mwaka 2016 iliripoti kwamba, kati ya waliohudumiwa kwa video, asilimia 18 walipelekwa idara ya dharura kwa gari la wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 74 katika kundi la kulinganishwa. Muda wa kikosi kuwa huru kwa mwito mwingine ulishuka kutoka dakika 83 hadi 39. Kwa jiji lenye miito mingi, dakika hizo ni uhai wa mtu mwingine ambaye moyo wake umesimama.

Hata hivyo, msomaji makini atagundua kinachopimwa hapo. Safari zilizopungua ni kipimo cha kazi ya magari, si cha afya ya mgonjwa. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, hivyo makundi mawili huenda hayakufanana. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka katika jimbo la Ontario, Kanada, ambako paramediki, wasio wa zimamoto, waliendesha kliniki ya kila wiki katika majengo ya wazee wa kipato cha chini. Majengo yaligawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha wastani wa miito 3.11 ya dharura kwa mwezi kwa kila nyumba 100, dhidi ya 3.99 katika majengo yasiyokuwa na kliniki. Tofauti hiyo si ya kushangaza macho, lakini inaaminika.

Malipo hubaki kuwa udhaifu mkubwa. Serikali ya Marekani ilitangaza mwaka 2019 jaribio la kulipia tiba ya mahali alipo mgonjwa na usafiri wa kwenda kliniki badala ya hospitali. Jaribio hilo lilifungwa mwishoni mwa 2023, kabla ya muda uliopangwa. Mpango unaotegemea ruzuku huweza kufa huku wagonjwa wake wakiwa hai na bado wanauhitaji.

Mafunzo kwa msomaji wa Tanzania

Muundo huu haunakiliki kama ulivyo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linaloitwa kwa namba 114, lina jukumu lake, na nchi ina njia nyingine za kufika nyumbani: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mfumo wa m-mama wa namba 115 unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Kinachoweza kuchukuliwa ni nidhamu ya kazi. Anayeingia nyumbani aombe kuona dawa zote, zikiwemo za dukani na za asili. Ajue dalili ambazo hazina mjadala. Awe na daktari au tabibu wa kumuuliza. Aandike siku ya kurudi, na arudi.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, maswali matatu yanatosha kabla mhudumu hajaondoka: Ni dalili zipi zikitokea twende hospitalini mara moja? Tumpigie nani usiku? Utatufuatilia lini? Kama swali lolote halina jibu, ziara hiyo haijakamilika.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini vituo vya zimamoto vilifaa kwa tiba ya moyo uliosimama.
2. Taja mambo mawili yaliyofanya jibu la kila mwito liwe hospitali.
3. Mzee wa miaka 80 anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ameanguka na kugonga kichwa. Anazungumza vizuri na anataka kulala. Utafanya nini, na kwa nini?
4. Kituo chako kinaripoti kwamba rufaa zimepungua kwa nusu. Ni taarifa gani nyingine utakayoitaka kabla ya kusema kwamba wagonjwa wamenufaika?