Anza na saa ya kula, si na kopo la unga

Shangazi,

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, na ni mhasibu hapa Tanga. Mwaka mzima sasa kiungulia kinanisumbua, hasa usiku. Choo napata kwa shida, na asubuhi naamka nimechoka kana kwamba sikulala. Mwaka juzi niligundulika nina presha, natumia vidonge kila siku. Rafiki yangu wa kazini amezama kwenye Ayurveda. Alinijibisha maswali kwenye simu yake, tukaambiwa mimi ni "pitta". Akanipeleka kwa mtu anayeuza dawa hizo, nikauziwa kopo la unga wa kusafisha mwili lisilo na maandishi yoyote, na jingine la ashwagandha. Nikaambiwa nikianza, vidonge vya presha niviache taratibu kwa sababu ni kemikali. Sijaanza. Kuishi kwa mpangilio nakupenda, lakini naogopa. Nianzie wapi?

Mama wa Watatu, Tanga

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kufungua kopo. Niseme la haraka kwanza: vidonge vya presha usiviache wala usivipunguze. Presha haiumi, kwa hiyo anayeacha dawa hujiona mzima kabisa mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Mtu anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, tena bila hata kumfunga kipimo mkononi, huyo simwamini kwa tiba yoyote, ya Kihindi au ya kizungu.

Ayurveda yenyewe haina kosa hapo. Ni elimu ya tiba ya India iliyoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita katika vitabu kama Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Leo kijana wa kule anayetaka kuwa tabibu wake husoma chuoni miaka mitano na nusu, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa wa mafunzo ya vitendo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asili mjini Jamnagar, Gujarat, jimbo walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa pwani yetu.

Sasa kuna jambo linalowapita wengi wanaoikimbilia. Katika elimu hii unga na vidonge havitangulii. Kinachotangulia ni agni, yaani moto wa tumbo unaosaga chakula. Wao husema moto huo ukizidi, ukififia au ukivurugika, chakula hakisagiki sawasawa, na kutoka hapo ndipo maradhi mengi huanza. Unavurugwa na nini? Kula kabla chakula cha awali hakijashuka. Kula usiku umechelewa. Kula huku umekasirika au macho yako kwenye simu. Ndiyo maana vitabu vyao vinaeleza kwa kirefu mwenendo wa siku nzima, wanaouita dinacharya, tangu kuamka mpaka kulala.

Hujanieleza unakula saa ngapi, lakini siku za wafanyakazi wa ofisini nazijua: asubuhi chai ya haraka na andazi, mchana chochote mezani pembeni ya kompyuta, halafu saa tatu usiku, watoto wameshatulia, ndipo sahani inajaa. Nusu saa baadaye mtu yuko kitandani. Tumbo lililojaa likilazwa, asidi hupanda kooni. Hilo atakwambia daktari wa hospitali, na atakwambia tabibu wa Ayurveda, kila mmoja kwa lugha yake.

Basi anza kwa kuigeuza siku hiyo. Chakula kikubwa kiwe cha mchana, kati ya saa sita na saa nane, wakati ambao wao husema agni iko juu sawa na jua. Cha jioni kiwe chepesi na kiishe kabla ya saa moja na nusu, ili ukilala saa nne tumbo liwe limepata nafasi. Asubuhi amka mapema kwa saa ile ile kila siku. Kama unaamka kwa swala ya Alfajiri tayari uko ndani ya ratiba yao, ila usirudi kulala. Kwangua ulimi, kunywa kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha kaa chooni bila haraka hata kama haja haijaja. Mwili huzoea saa.

Kuhusu kiasi, Charaka anafundisha tumbo ligawanywe mafungu matatu: moja la chakula kigumu, moja la vinywaji, na moja liachwe wazi. Msomaji Mwislamu atakuwa ameshakumbuka hadithi ya Mtume inayogawa tumbo kwa theluthi. Huhitaji kununua kitu kufuata hilo.

Chakula cha jioni nikupe kimoja ambacho Wahindi hukiita khichdi na sisi tunakijua kama mseto. Mchele na choroko zilizopaazwa, kiasi sawa, vioshe na uviloweke kidogo. Chemsha kwa maji mengi pamoja na manjano na chumvi kiduchu, maana una presha, mpaka vilainike kabisa. Pembeni pasha samli kijiko kimoja, utie bizari nyembamba na giligilani iliyopondwa, na harufu ikitoka tu mwagia juu ya chungu na ufunike. Usiweke pilipili, nyanya wala ndimu. Kula mara tatu au nne kwa wiki, ungali wa moto, pamoja na mboga iliyopikwa ikalainika.

Nimeacha pilipili na ndimu kwa sababu ya hiyo pitta uliyoambiwa. Ayurveda inazungumzia nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Pitta ni ya moto na ukali, na kiungulia huhesabiwa upande wake. Maabara hazijathibitisha kuwapo kwa nguvu hizo. Mimi nazichukua kama njia ya zamani ya kumtazama mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo ninapoipenda tiba hii. Bibi zetu nao walijua vyakula vya moto na vya baridi. Ila maswali kumi ya kwenye simu hayatoshi. Tabibu aliyesoma hukutazama ulimi, hukushika mshipa, hukuuliza choo, usingizi, kiu na hamu ya kula, kisha hutofautisha maumbile uliyozaliwa nayo na vurugu uliyo nayo sasa.

Tazama jinsi muuzaji wako alivyojipinga. Amekubali kuwa wewe ni pitta, kisha akakuuzia ashwagandha, mzizi ambao vitabu hivyo hivyo vinauhesabu kuwa ni wa moto. Isitoshe, mzizi huo unaweza kushusha presha zaidi ukichanganywa na vidonge vyako, unaweza kugusa tezi ya shingo, na umeshahusishwa na watu kuumia ini. Tangawizi pia, ambayo kila mtu humshauri mwenzake, kwa kiungulia chako inaweza kuzidisha moto. Kinachomfaa rafiki yako huenda kisikufae wewe.

Na hilo kopo lisilo na maandishi, mwanangu, usiliguse. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa makusudi kwa madini yaliyochomwa, na nyingine huchafuliwa kiwandani. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani. Katika 14 kati yake walikuta risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupandisha presha na kuharibu figo. Unga wa kusafisha mwili kwa kawaida ni wa kuharisha. Usafishaji halisi, panchakarma, hufanywa chini ya uangalizi kwa siku kadhaa, mgonjwa akiandaliwa kwanza kwa mafuta na mvuke. Ukiharishwa nyumbani huku unatumia vidonge vya presha, unaweza kupoteza maji na chumvi za mwili ukaanguka.

Kwa choo, kula papai asubuhi, kunywa maji ya kutosha, tembea robo saa baada ya chakula cha mchana. Jumamosi jipake mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, mwili mzima, ukae nayo kabla ya kuoga. Joto la Tanga likizidi tumia ya nazi, wanayoyahesabu kuwa ya baridi. Utaona usingizi wa usiku huo.

Baada ya wiki sita, ukitaka kwenda mbali zaidi, tafuta tabibu aliyesoma. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa huduma. Omba kuona cheti cha usajili. Muulize kila dawa ina nini, na umtajie kila kidonge unachomeza.

Lakini hospitali nenda wiki hii. Kiungulia cha mwaka mzima kinahitaji kupimwa, hasa bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao hutibiwa kwa antibaiotiki na hawaondoki kwa mseto. Mweleze daktari kama unameza diklofenaki kwa maumivu. Muulize pia kama kidonge chako cha presha ndicho kinacholegeza mlango wa tumbo, kwani amlodipini na nifedipini zinaweza kufanya hivyo, na dawa za aina nyingine zipo. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukimeza kwa shida, ukikonda bila sababu, au maumivu ya kifua yakishuka mkononi, usisubiri miadi.

Presha yako ipime kila wiki na uiandike kwenye daftari, pamoja na saa uliyokula na saa uliyolala. Ikianza kushuka mpangilio ukishakukaa, mpelekee daktari daftari hilo. Yeye ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.