Kwa Nini Watoto wa Sungura Hufa Wangali Kiotani

Ufugaji wa sungura umewavutia wananchi wengi kwa sababu hauhitaji ardhi kubwa wala mtaji mwingi. Sungura hula majani, magugu na mabaki ya mboga, na jike aliyetunzwa vema huzaa mara kadhaa kwa mwaka, aghalabu watoto sita hadi wanane kila mara. Hata hivyo, wengi walioianza kazi hii kwa matumaini wameiacha baada ya muda mfupi. Si kwamba sungura wao hawakuzaa, bali waliozaliwa hawakuishi. Mfugaji huamka asubuhi akakuta watoto wametawanyika juu ya sakafu ya kizimba, wamekuwa baridi kama mawe, na pengine mmoja wao ameliwa nusu. Hapo husema kwamba jike wake ana tabia mbaya, amewaua wanawe. Na mwisho wa jike huyo huwa ni kisu.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Vifo vingi vya siku za kwanza havitokani na ubaya wa mama, bali hutokana na baridi na njaa. Mambo hayo mawili nayo huamuliwa kabla ya watoto kuzaliwa, yaani siku mfugaji anapoweka, au anaposahau kuweka, sanduku la kuzalia.

Hali ya mtoto anapozaliwa

Mtoto wa sungura huzaliwa hana manyoya, haoni wala hasikii. Uzito wake ni kiasi cha gramu 40 hadi 60 tu. Manyoya huanza kumfunika baada ya siku nne au tano, na macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 12.

Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa, kama vile chai iliyomo kikombeni ipoavyo kabla ya ile iliyomo katika birika. Aidha, mtoto huyu hawezi kujipasha joto kwa kutetemeka kama afanyavyo sungura mkubwa. Mwaka 1964 wataalamu wawili nchini Uingereza, Dawkins na Hull, walieleza namna anavyojihami. Shingoni na kati ya mabega yake mna akiba ya mafuta ya pekee, yenye rangi ya hudhurungi, ambayo huunguzwa mwilini ili kutoa joto. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Mtoto asiyenyonya, naye yumo katika baridi, huimaliza upesi, na ikiisha hana kinga nyingine.

Kwa sababu hiyo, kiota hakina budi kuwa na joto la nyuzi 30 hadi 35 za sentigredi. Hata usiku wa Pwani, ambao sisi huuona kuwa wa joto, ni baridi kwa mtoto aliye uchi juu ya waya. Sembuse usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu kama Njombe na Lushoto. Joto la kiota hutokana na vitu vitatu: nyasi kavu, manyoya ambayo mama huyanyonyoa kifuani na tumboni mwake, na miili ya watoto wenyewe waliosongamana. Mtoto aliyetengana na wenzake hupoa hata kama mama yake yu karibu, kwa maana sungura hana desturi ya kumbeba mtoto kwa mdomo na kumrudisha kiotani kama afanyavyo paka.

Jinsi sungura anyonyeshavyo

Wafugaji wengi hushtuka waonapo mama amekaa mbali na kiota mchana kutwa, wakadhani amewatupa wanawe. Hiyo ndiyo desturi yake. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mara mbili, na kila mara kwa dakika tatu hadi tano. Porini, tabia hii husaidia kutowaonyesha adui mahali kiota kilipo. Maziwa yake ni mazito sana: yana mafuta asilimia 12 hivi na protini karibu kiasi hicho hicho, ilhali maziwa ya ng'ombe yana mafuta asilimia 4 hivi na protini asilimia 3. Ndiyo maana maziwa ya ng'ombe peke yake si badala ya kutosha kwa mtoto wa sungura.

Katika dakika hizo chache mtoto asiyeona hana budi kuipata chuchu. Huongozwa na harufu. Mwaka 2003 Benoist Schaal na wenzake nchini Ufaransa walitangaza kwamba wameitambua kemikali iliyomo katika maziwa ya sungura ambayo harufu yake humfanya mtoto aitafute chuchu na kuikamata. Mtoto mwenye joto na nguvu hufika upesi. Aliyepoa huchelewa, na mama akiruka kutoka kiotani, mlo wa siku nzima umempita. Kesho yake huwa dhaifu zaidi na baridi zaidi. Baridi huleta njaa, na njaa huzidisha baridi, mpaka mtoto afe.

Hesabu ya siku

Sungura huchukua mimba kwa siku 31 hivi; wengine huzaa siku ya 30 au ya 32. Tuseme jike amepandishwa tarehe 3 Juni. Siku yake ya kuzaa ni tarehe 4 Julai au karibu yake. Sanduku la kuzalia litiwe kizimbani siku ya 28, yaani tarehe 1 Julai. Likiwekwa mapema mno, jike hulala ndani yake na kulichafua. Likichelewa kwa siku moja tu, watoto wote waweza kuzaliwa juu ya waya. Asiyeandika tarehe ya kupandisha hukisia, na kukisia huko ndiko kuuako. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sanduku laweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao. Urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kimo cha 30 hutosha kwa sungura wa kadiri. Upande wa kuingilia uachwe na kizingiti cha sentimita 15. Kizingiti hicho ni muhimu, kwani mara nyingine mama hutoka na mtoto angali ameng'ang'ania chuchu. Akipita hapo mtoto hukwanyuka na kuangukia ndani badala ya nje. Sakafu itobolewe matundu madogo ili mkojo upite, kisha ndani zijazwe nyasi laini zilizokauka vema, zisizo na vumbi wala ukungu. Mahali penye joto jingi kama Pwani, nyasi zipunguzwe na ubavuni yatobolewe matundu ya hewa, kwa kuwa joto likizidi watoto hutambaa wakaacha kiota.

Siku ya kuzaa na baada yake

Siku hiyo jike apewe maji safi wakati wote na aachwe katika utulivu. Mbwa, watoto na wageni wasikaribie. Baada ya kuzaa, sungura hula kondo la nyuma, nalo ni jambo la kawaida. Lakini akiwa na kiu, hofu, au upungufu wa chakula bora, huweza kuwajeruhi au kuwala wanawe. Jike anayezaa kwa mara ya kwanza asihukumiwe kwa kosa moja. Kwanza mfugaji ajiulize kama maji yalikuwapo, kama palikuwa kimya, na kama sanduku liliwekwa kwa wakati. Akirudia kosa hilo katika uzazi wa pili na wa tatu ilhali kila kitu kilikuwa tayari, hapo si wa kuendelea kuzalishwa.

Kiota kikaguliwe siku ile ile, na kila siku baadaye. Mfugaji anawe mikono, aifikiche kwa nyasi za kiota, kisha aondoe waliokufa na kuwahesabu walio hai. Mtoto aliyeshiba huwa na tumbo la mviringo, na maziwa huonekana meupe kupitia ngozi. Mwenye njaa ngozi yake hukunjamana na tumbo hubonyea.

Mtoto aliyekutwa nje ya kiota akiwa baridi asitupwe kabla hajajaribiwa. Wengi waonekanao kuwa wamekufa wangali hai. Azamishwe mwili, kichwa kikibaki nje, katika maji yenye joto la nyuzi 38 hadi 40, yaani vuguvugu kwa mkono. Akianza kujinyonganyonga akaushwe kabisa kwa kitambaa na kurudishwa katikati ya wenzake.

Jike kwa kawaida ana chuchu nane. Akizaa kumi au zaidi, wanyonge hushindwa kunyonya. Kwa hiyo yafaa kupandisha majike wawili au zaidi siku moja, ili watoto waliozidi wahamishiwe kwa mwenye wachache. Wahamishwe katika siku tatu za kwanza, tofauti ya umri isizidi siku mbili, nao wachanganywe na watoto wa kiota kile kwa muda wa saa moja kabla mama hajaingia, ili wapate harufu moja.

Mambo mawili zaidi yaangaliwe. La kwanza ni kiwele: kikiwa kigumu, chekundu au cha samawati, chenye joto na maumivu, huo ni ugonjwa wa bakteria, na bwana mifugo aitwe. Watoto wa jike huyo wasipelekwe kwa mwingine, wasije wakaeneza ugonjwa. La pili ni siafu, ambao huweza kuangamiza kiota kizima kwa usiku mmoja. Miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu.

Hitimisho

Katika yote yaliyoelezwa hapa hakuna kifaa cha gharama kubwa. Panahitajika daftari, sanduku la mbao, nyasi kavu, maji, na macho ya mfugaji kila asubuhi. Si kila mtoto ataishi, kwani wengine huzaliwa wakiwa wamekufa au dhaifu mno. Lakini mfugaji akutapo watoto baridi kizimbani, kabla ya kumlaumu jike, na alifungue daftari lake kwanza, aitazame tarehe.