Tupambe harusi bila kuifilisi nyumba

KILA sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, kijana niliyewahi kumfundisha madrasa alinisubiri nje ya msikiti. Posa yake ilikwishakubaliwa, mahari ameitoa, na wazee wa pande zote mbili wameridhia. Nilipomuuliza ndoa ni lini, aliinamisha kichwa. "Ustadhi, bado pesa ya mapambo." Walikwishaahirisha mara mbili! Binti ameona kwenye simu picha za jukwaa lenye maua ya plastiki, vitambaa vya kung'ara na taa za rangi, na mpambaji ametaja bei iliyoipita mahari.

Sikumlaumu binti. Nani asiyependa siku yake ipendeze? Lakini nilijiuliza: tangu lini halali ya Allah ikasubiri vitambaa?

Uislamu haukukataza kupamba. Katika Suratul A'raf (7:32) Allah (s.w.) anauliza kwa kukemea: ni nani aliyeharamisha pambo alilowatolea waja wake? Na aya iliyotangulia (7:31) inatuamrisha tujipambe tuendapo kwenye ibada, kisha inakataza israfu. Aya hizi zisomwe pamoja. Anayechukia kila ua hakuifikia ya 32, na anayekopa ili apambe hakuimaliza ya 31.

Tutazame harusi za Mtume (s.a.w.). Alipomuoa Bi Safiyya (r.a.) katika safari ya kurejea kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, walitandika mikeka ya ngozi chini, wakaweka tende, samli na jibini kavu. Hiyo ndiyo walima. Alipomuoa Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.) alichinja mbuzi, na Anas (r.a.) anasimulia kuwa hakumuona Mtume akifanya walima kubwa kuliko ile. Basi kila mmoja na uwezo wake, na aliyepungukiwa hakudhalilika.

Lipo pia somo la pazia la Bi Aisha (r.a.). Alitundika nyumbani pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) hakulipenda, akaliondoa. Bi Aisha hakulitupa. Alilikata akafanya mito ya kuegemea. Hapa pana mafunzo mawili: tuepuke mapambo yenye sanamu na picha za viumbe, na kitambaa kilichomo ndani kinaweza kuwa pambo jipya.

Sasa bi harusi apate wapi ubunifu? Namshauri afunge simu kwanza, aende kwa bibi yake.

Aanze na kanga. Doti moja ina pindo, mji na jina, na rangi zake zimekwishapangwa na mtu anayejua kupanga rangi. Kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni kanga ya harusi ya mwambao tangu zamani. Achague doti moja aipendayo, kisha rangi zake ziongoze kila kitu: vitambaa vya meza, mito, hata utepe wa kadi. Asome jina kwanza, asije akatandika mbele ya mawifi fumbo la kumsuta mtu!

Aende kwenye maua. Asumini huchumwa jioni yakiwa vitumba, yakatungwa, na usiku yanafumbuka yenyewe na kunukia chumba kizima. Hakuna ua la plastiki linaloweza hilo. Yakichanganywa na rehani na langilangi yanatosha kuwa vikuba vya wageni wanawake na mashada ya chumba cha bibi harusi. Chetezo cha udi na mrashi wa marashi viwekwe upande wa wanawake, na kwa wanaume vivyo hivyo.

Atazame na uani. Makuti mabichi yakisukwa yanakuwa tao la mlangoni. Mikeka ya ukindu ya rangi, ya nyumbani na ya kuazima kwa majirani, ndiyo jukwaa. Na nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu, zenye majani na mawaridi, zinaweza kuwa kielelezo cha hina ya mkononi na cha kadi vilevile.

Kijana wangu nilimpeleka kwa wazee wa binti. Bibi yake ndiye aliyemaliza mazungumzo: alifungua sanduku, akatoa kisutu aliyoolewa nayo. Binti aliishika, akanyamaza, kisha akauliza kama inaweza kutandikwa nyuma ya kiti chake. Nikah ilisomwa msikitini baada ya alasiri, walima ikaliwa uani kwao, na nyumba mpya ikaanza bila deni.

Wazazi, tusiwape watoto wetu sababu ya kuchelewa kwenye halali, kwani haramu haina kamati wala mchango. Na tukumbuke Mtume (s.a.w.) alikiita chakula cha walima kuwa kibaya mno pale matajiri wanapoalikwa na masikini wakaachwa. Pambo la kwanza la harusi ni jirani masikini aliyekaa mkekani pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq.