Ruzuku ya Mbolea: Ni Nani Aipokeaye?

Mtu wa mjini anywapo chai yake ya alfajiri huwa hafikiri ya kuwa ana fungu lake katika mashamba ya Kericho. Na kwa hakika analo. Maana ruzuku ya mbolea hulipwa na hazina ya serikali, na hazina hujazwa na kodi ya kila mtu, hata ya anunuaye sabuni dukani. Basi yatupasa tujue fedha hizi zatoka kwa njia gani, na zamfikia nani.

Kwanza, tujue ruzuku ni nini. Mkulima hatiwi fedha mkononi. Serikali humlipia sehemu ya bei. Mathalan, Septemba 2022, serikali ya Kenya ilitangaza ya kuwa mfuko wa mbolea wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa karibu shilingi 6,500, utauzwa shilingi 3,500. Na mwaka 2023 bei ikateremshwa hadi 2,500. Mkulima huandikishwa kwa chifu, hupata ujumbe katika simu, kisha huenda kwenye ghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Ama wakulima wadogo wa chai wa Kericho na Bomet walio chini ya KTDA, hao hupata mbolea ya chai kwa njia ya viwanda vyao, na bei yake hukatwa katika malipo ya majani.

Pili, tupige hesabu. Kwa bei za 2022, kila mfuko ulibeba shilingi 3,000 za umma. Achukuaye mifuko 2 amepewa 6,000. Achukuaye 20 amepewa 60,000. Na mchuma chai wa mashamba makubwa, akaaye katika nyumba za kampuni wala hana shamba lake, hapati hata senti, ijapokuwa kodi hulipa. Basi ruzuku yafuata ardhi, haifuati haja.

Tatu, ardhi yenyewe ina historia. Katika zama za ukoloni Wakipsigis walinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao, na tangu miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakapanda chai humo. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni iliwawekea wakulima wa Kizungu dhamana ya pato kwa kila ekari ya mahindi na ngano. Mwafrika hakudhaminiwa, na mahindi yake yakanunuliwa kwa bei ya chini.

Nne, hata ndani ya nyumba moja mgawo huweza kupotoka. Watafiti Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walioandika habari za Kericho mwaka 1993, walieleza jinsi chai ilivyoandikwa kwa jina la mume na malipo kumwendea yeye, ilhali kazi nyingi ni ya mke.

Akiuliza muulizaji: Je, si bora ruzuku iondolewe? Twamjibu: La. Shamba likikosa mbolea mavuno hupungua, na mavuno yakipungua mlaji wa mjini naye huumia. Kutoa si kosa. Kosa ni kutoa bila mizani wala ulinzi. Mwaka 2024 wakulima kadhaa waliuziwa, katika mpango huu huu, mifuko iliyobainika kuwa si mbolea ya sawasawa, hata serikali ikaahidi kuwafidia. Hapo hazina ilitoa, na mkulima hakupokea.

Kwa hivyo twaona mambo matatu yafaa. Orodha ya wapokeaji isomwe hadharani katika baraza la chifu, kila jina na idadi ya mifuko yake. Iwekwe mipaka ya mifuko ambayo mtu mmoja aweza kuchukua kwa bei ya ruzuku. Na aandikwe yule alimaye, akiwa mke, mjane au mpangaji, asitazamwe mwenye hati peke yake.

Wala tusiseme, "Ya Kericho ni ya Kericho." Mpango huu ni wa nchi nzima, na wakulima wa Kwale na Kilifi wamo. Mali ya umma ni amana. Aliyepewa amana hudaiwa hesabu, na mwenye mali asipodai, lawama ni yao wote wawili.