Muhogo Katika Meza ya Kichina: Somo la Maneno na Mapishi

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuandika somo juu ya asili ya maneno. Nilidhani nitalipata maktabani. Kumbe lilikuwa likinisubiri mezani, tena siku nilipokuwa na njaa ya kweli. Wahenga hawakukosea waliponena tembea uone.

Kabla ya kuanza, sharti nikiri jambo ambalo nimelificha kwa muda mrefu. Sisi wa shule ya kutwa wengi wetu hubeba chakula cha mchana kutoka nyumbani. Mimi hubeba muhogo uliochemshwa, kwa kuwa mama huupanda kando ya chai yetu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzangu mmoja alifunua mkebe wangu mbele ya darasa, akanipa jina la "Muhogo". Darasa likaangua kicheko. Jina lile lilininata kama ulimbo. Tangu siku hiyo nikawa ninakula peke yangu nyuma ya mikaratusi, nikimeza haraka haraka kama mwizi. Weka hilo akilini, msomaji, tutalirudia.

1. Jinsi nilivyofika mkahawani

Desemba iliyopita shangazi yangu, ambaye ameajiriwa katika duka la vitambaa jijini Nairobi, aliniita nikamtembelee. Nilitoka Magwagwa alfajiri na mapema, nikapanda matatu hadi Nyamira, kisha basi. Tajiri wa shangazi ni mama wa Kihindi ambaye wafanyakazi wote humwita Mama. Kila mwisho wa mwaka huwapeleka wafanyakazi wake kula, na kila mmoja huruhusiwa kuja na mgeni. Mgeni wa shangazi mwaka huo nilikuwa mimi.

Tulipelekwa kwenye mkahawa wa Kichina huko Westlands. Loh! Taa za karatasi nyekundu zilining'inia darini, meza zilikuwa za duara, na katikati ya kila meza palikuwa na kioo kinachozunguka ili chakula kimfikie kila mtu. Mbele yangu paliwekwa vijiti viwili. Uma sikuuona. Viatu vyangu vya shule nikavificha chini ya kiti.

Nikaletewa orodha ya vyakula. Niliisoma kutoka juu hadi chini kama karatasi ya mtihani ambao sikuusomea. Palikuwa na samaki wa kupikwa kwa mvuke akamiminiwa tui la nazi na ukwaju, tambi za mchele, bata, na chakula kimoja kilichoitwa "chili mogo". Bei yake: shilingi 750. Nikamwuliza mhudumu, "Samahani kaka, mogo ni kitu gani?" Akanitazama utosini hadi unyayoni, akanijibu kwa Kiingereza kuwa ni chakula maalumu cha nyumba yao, kisha akamgeukia mtu mwingine. Uso uliniwaka.

Yule Mama alikuwa amesikia. Akainama akaniambia kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, mogo ni muhogo. Sisi tulilichukua neno kwenu. Wewe ndiye mwenyewe, mbona waulizia mali yako?"

Nilitekewa. Mama yangu huuza fungu la mihogo kwa shilingi 50 sokoni. Nikapiga hesabu: mafungu 15 kwa sahani moja!

2. Safari ya sahani moja

Huku tukingoja, Mama alinieleza, nami nikarudi nyumbani nikasoma zaidi. Hebu tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua.

Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16. Pilipili kali nazo zilitoka Amerika. Kwa hiyo, msomaji, chakula ambacho nilichekwa kuwa ni cha kijijini kilivuka bahari kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao, wengine wakabaki, na wafanyabiashara wakaja kuungana nao. Waliokaa hapa waliuonja muhogo wetu, wakaupenda, wakauita mogo katika Kigujarati chao. Neno likapoteza silabi, lakini ladha haikupotea.

Na Uchina inaingiaje? Inaingia kwa njia ya India. Wachina wa jamii ya Hakka walihamia mji wa Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, wakafungua mikahawa. Ili wawapendeze Wahindi, walizidisha pilipili na viungo. Mwaka wa 1975 mpishi Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Calcutta, alikuwa akipika mjini Bombay, ambao sasa ni Mumbai. Alikaanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi kama Wahindi wafanyavyo, lakini badala ya kutia masala akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Chakula hicho cha kuku kikaitwa Manchurian. Mapishi ya namna hiyo yalivuka bahari hadi kwa Wahindi wa Afrika Mashariki. Nao wakasema, "Kwa nini tusiyajaribu kwa mogo?"

Basi hesabu mwenyewe: mmea wa Amerika, mkulima Mwafrika, jikoni la Mhindi, sosi ya Mchina. Mapishi kama haya nayaita mapishi ya mseto. Neno hili tunalijua sana. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Kilimo cha mseto ni kupanda mimea mbalimbali katika shamba moja. Na Kenya tulikuwa na serikali ya mseto kuanzia mwaka wa 2008 hadi 2013.

3. Maneno yaliyokuwa mezani

Kiswahili nacho ni mseto. Tazama vitu nilivyovikuta juu ya meza ile:

(a) Meza. Neno hili ni la Kireno.
(b) Sahani na birika. Yametoka kwa Waarabu.
(c) Glasi. Hili ni la Kiingereza.
(d) Mkahawa. Limetokana na kahawa, neno la Kiarabu.
(e) Chai. Hapa ndipo nilipofurahi zaidi, kwa kuwa sisi wa Nyamira ni wachumaji. Wachina wengi husema cha. Neno lilipita nchi kavu kwa Waajemi, wakasema chai, nasi likatufikia. Lakini Wachina wa Fujian husema te, na Wazungu walionunua majani kwao kwa njia ya bahari wakapata jina hilo la pili. Kwa hiyo Mwingereza na Mswahili wote wawili wanasema Kichina, ila kila mmoja kwa mlango wake!

Mmea wenyewe ulipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Mkahawani tuliletewa chai ya kijani, bila maziwa wala sukari. Nilikunja uso. Lakini ni majani ya mmea uleule tunaouchuma, majani mawili na kichipukizi. Tofauti ni kwamba ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke rangi, na yetu huachwa yageuke kuwa meusi kabla ya kukaushwa.

Wala msifikiri kwamba Wachina wametujua juzi tu, walipokuja kujenga barabara na reli. Mwaka wa 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Na katika magofu ya Gede pamepatikana vyombo vya kauri vya Kichina. Kwa hiyo vyombo vyao vilikuwa kwenye meza za Waswahili karne nyingi kabla ya mimi kukaa kwenye meza yao.

4. Adabu za mezani

Hapa nilitarajia mambo mageni, nikakuta ya nyumbani. Kwa Wachina, mkubwa ndiye huanza kula, kama ilivyo kwetu. Chakula huwekwa katikati wakala pamoja, kama sisi tunavyozunguka obokima ndani ya ekee. Vijiti havichomekwi wima katika wali, kwa maana vinafanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu. Wala humwoneshi mtu kidole kwa kijiti. Kisu hukioni mezani kwa sababu kazi ya kukata humalizwa jikoni. Nyama hukatwa vipande vidogo, ikarushwa katika karai lenye moto mkali, ikaiva upesi. Mtu aliyewahi kutafuta kuni wakati wa mvua ataona faida yake papo hapo.

Vijiti vilinishinda. Kipande cha kwanza kilirukia kikombe cha shangazi. Meza nzima ilicheka, Mama akacheka zaidi, nami nikacheka. Nikagundua kuwa kicheko hiki hakikuniuma kama kile cha darasani. Huyu anayecheka alikuwa akinionesha jinsi ya kushika.

5. Jaribio la nyumbani

Shangazi alininunulia chupa ndogo ya sosi ya soya, nikarudi nayo Magwagwa. Njia ni hii:

Kwanza, menya muhogo, utoe ule mzizi wa katikati, uuchemshe hadi ulainike. Usionje mbichi, kwa sababu mihogo michungu ina sumu. Pili, ukate vipande virefu, uukaange katika mafuta hadi uwe wa rangi ya dhahabu. Tatu, kaanga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili hoho na pilipili kali kwa dakika moja hivi. Nne, tia nyanya iliyopondwa, vijiko viwili vya sosi ya soya na kijiko cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi. Usitie chumvi kabla ya kuonja, maana sosi ina chumvi nyingi. Mwisho, rudisha muhogo, uugeuze upakae sosi, uandae ungali moto.

Mama alimaliza sahani. Nyanya alichukua kipande, akakitazama, akasema, "Muhogo huu umevaa koti. Unakwenda wapi?" Kisha akaniomba ule wa kuchemshwa na chumvi, akala na chinsaga.

6. Neno la mwisho

Nimejiuliza swali gumu: je, ningeuheshimu muhogo wa mama kama nisingeuona kwenye meza ya matajiri kwa shilingi 750? Jibu lanitia haya. Nyanya hakuhitaji kwenda Westlands ili ajue. Mimi nilihitaji. Basi nyinyi msifanye kosa langu la kungoja mgeni awasifie kilicho chenu, kiwe chakula au lugha.

Muhula ulipofunguliwa nilikuja na mkebe wangu, nikaketi kwenye benchi mbele ya darasa, nikaufungua. Harufu ya tangawizi ilitembea. Yule mwenzangu akasogea, akauliza ni nini hiki. Nikamwambia atapewa, lakini kwanza akitaje kwa jina lake. Akanusa, akatazama, akatabasamu kwa aibu. "Muhogo," akasema. Nikampa vipande viwili.

Maswali
1. Taja maneno manne ya mezani yaliyotoka lugha za kigeni, useme kila moja limetoka wapi.
2. Eleza maana tatu za neno "mseto" kama zilivyotumika katika somo hili.
3. Kwa nini Mwingereza na Mswahili wana majina tofauti ya chai ilhali yote ni ya Kichina?
4. Chunguza chakula kimoja cha nyumbani kwenu. Andika kilikotoka, jina lake katika lugha yenu ya mama, na anayekipika vizuri zaidi. Ulete kazi yako chamani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu