Kovu la figo lisilouma

Kama una mzazi mashambani, huenda umewahi kuombwa jambo hili. Mama anapiga simu kutoka Timau. Anasema baridi ya Mlima Kenya imemwingia magotini tena, na kuinama kuchimba viazi kumekuwa taabu. Nawe unapitia duka la dawa karibu na steji, unanunua vidonge vya kutuliza maumivu, unavitia katika bahasha na kumkabidhi dereva wa matatu ya Nanyuki. Jioni mama anapiga simu tena kusema vimefika, na kukuombea baraka.

Hilo ni tendo la mtoto mwema. Lakini iwapo mama huyo ana shinikizo la damu au kisukari, na pengine mwenyewe hajui, bahasha hiyo yaweza kuumiza kiungo ambacho hakimsumbui hata kidogo, yaani figo. Leo tutaangalia jinsi figo inavyovimba na kuota kovu kimya kimya, ni kemikali gani za mwili zinazoendesha kazi hiyo, na kwa nini vidonge vya magoti haviwezi kuizuia.

Vichujio milioni moja

Kila figo ina takriban vichujio milioni 1. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba sana ya damu, nyuma yake ukiwa na mrija mrefu. Fundo huchuja damu, nao mrija hurudisha mwilini vitu vinavyofaa kama maji, chumvi na sukari. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji. Karibu yote hurudishwa mwilini, na ni lita 1 au 2 tu zinazotoka kama mkojo.

Kichujio kizima hakipitishi protini kubwa kubwa. Lakini damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka mingi, au ikijaa sukari, fundo lile hulegea na kupata matundu. Protini ya damu iitwayo albumini huanza kuvuja na kuingia katika mrija. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kamsa inayopigwa bila kukoma

Seli za mrija hujaribu kuimeza protini hiyo ili isipotee. Zikilemewa, ndani yake huwashwa kitu kinachofanana na swichi, ambacho wanasayansi hukiita NF-kappa B. Swichi hii ikiwashwa huingia katika kiini cha seli, mahali jeni zinapokaa, na kuziamuru zitengeneze protini za kuita msaada. Mojawapo huitwa MCP-1. Kazi yake ni kama kamsa inayopigwa kijijini usiku. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huisikia, hutoka katika mishipa na kuingia katika nyama ya figo.

Huu ndio uvimbe ambao madaktari huuzungumzia. Neno hilo lisikupotoshe. Figo haifuri kama kifundo cha mguu kilichoteguka, wala mara nyingi haiumi. Vita hivi hupiganwa mahali ambapo mwenye mwili hasikii lolote.

Kama adui angekuwa kijidudu, askari wangemaliza kazi na kutawanyika. Lakini shinikizo la damu halitawanyiki wala sukari haipungui yenyewe. Kamsa hupigwa leo, kesho na mwaka ujao.

Nyapara na mafundi wake

Ukijikata mguu kwa jembe, jeraha hufunga na kuacha kovu. Kwenye mguu, kovu ni alama tu. Ndani ya figo mambo ni tofauti.

Vita vikiendelea, askari pamoja na seli za mrija zilizoumia hutoa protini nyingine iitwayo TGF-beta. Tunaweza kuilinganisha na nyapara wa mjengo. Huwaamuru mafundi, yaani seli ziitwazo fibroblasti, waache mambo mengine na kutengeneza kolajeni. Kolajeni ni nyuzi ngumu zilezile zinazotengeneza kano na kovu la ngozi. Nyuzi hizo hujazana kati ya mirija na kubana mishipa midogo ya damu. Mirija ya jirani hukosa hewa ya oksijeni, huumia, nayo hupiga kamsa yake. Kovu moja huzaa jingine.

Yuko mchochezi mwingine. Anaitwa anjiotensini II. Ni homoni ambayo kazi yake ya kawaida ni kubana mishipa na kupandisha nguvu za damu mtu anapopungukiwa na maji. Katika figo iliyoumia, homoni hii huzidi. Huongeza msukumo ndani ya vichujio vilivyobaki, na wakati huohuo huwasha ile swichi ya NF-kappa B na kumchochea nyapara TGF-beta. Ikumbuke homoni hii, maana tutairudia.

Figo ina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya vichujio vyake na bado akalima, akaenda sokoni na kucheza na wajukuu. Hata kipimo cha damu cha kreatinini chaweza kuonekana cha kawaida wakati huo. Miguu ikianza kufura, uchovu ukizidi, na mwili ukianza kuwasha, mara nyingi kovu limekwisha kuenea.

Kwa nini vidonge vya magoti havifai

Hapa msomaji atauliza swali la maana. Diclofenac na ibuprofen huitwa dawa za kupunguza uvimbe. Ikiwa shida ya figo ni uvimbe, mbona zisiitibu?

Jibu ni kwamba dawa hizo huzuia kemikali tofauti, ziitwazo prostaglandini. Gotini, prostaglandini huleta maumivu, ndiyo maana mtu akimeza kidonge hupata nafuu. Lakini katika figo, prostaglandini hupanua mshipa unaoleta damu kwenye kichujio, hasa figo ikiwa dhaifu au mwili ukiwa na upungufu wa maji. Ukiziondoa, mshipa hujibana na kichujio hukosa damu. Wakati huo, ile kamsa na yule nyapara huendelea na kazi yao kama kawaida. Isitoshe, dawa hizi huweza kupandisha shinikizo la damu. Hatari huzidi mgonjwa anapozimeza pamoja na dawa za presha na zile za kuongeza mkojo.

Kwa mwenye figo dhaifu, parasetamoli kwa kipimo sahihi kwa kawaida ni salama zaidi. Hata hivyo, muulize daktari kwanza.

Dawa iliyotokana na sumu ya nyoka

Zipo dawa zinazogusa chanzo chenyewe. Mwaka 1965, mtafiti Sérgio Ferreira wa Brazili alieleza kitu alichokitoa katika sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vitu vilivyomo katika sumu hiyo huzuia mwili usitengeneze anjiotensini II. Kutokana na elimu hiyo ilibuniwa dawa ya captopril, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 1981.

Mwanzoni ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Kisha mwaka 1993 yakachapishwa matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 409 wa kisukari kinachotegemea insulini, ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Kwa waliopewa captopril, hatari ya kufa, kusafishwa damu kwa mashine au kuhitaji figo ya mtu mwingine ilipungua kwa nusu. Enalapril ni jamaa ya dawa hiyo. Losartan nayo huiacha anjiotensini II itengenezwe, lakini huizuia isifanye kazi. Zote mbili ni dawa za kawaida hapa Kenya.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine, juu ya wagonjwa 4,304 katika nchi 21. Ulionyesha kwamba dapagliflozin, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuharibika sana au mgonjwa kufa kwa sababu ya figo au moyo. Iliwasaidia hata wasio na kisukari.

Wataalamu wamejaribu pia kumfunga mikono nyapara mwenyewe. Dawa ya kuzuia TGF-beta ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa haikusaidia. TGF-beta ina kazi nyingine mwilini, ikiwemo kutuliza vita vilevile, na si rahisi kuzuia ubaya wake bila kugusa wema wake.

Jambo la kukumbuka ni hili. Hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayofuta kovu lililokwisha kukomaa. Kazi yake ni kulikawiza. Anayeanza mapema huweza kuokoa miaka mingi, na anayeanza mwisho huokoa kidogo.

Anayejisikia mzima

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban Mkenya mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Na katika waliopimwa na kupewa dawa, wako wanaoziacha baada ya miezi michache kwa kuwa wanajisikia wazima. Sasa unajua kwamba kujisikia mzima si ushahidi wa figo nzima.

Mwaka 2015 pia serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali za kaunti, zikiwemo mashine za kusafisha damu. Hata hivyo, mkazi wa Timau anayehitaji mashine hiyo hana budi kupanda gari kwenda mjini, Meru au Nanyuki, mara 2 au 3 kwa wiki, na kukaa kwenye mashine takriban saa 4 kila mara. Ni maisha yake yote yaliyosalia, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa. Mkulima wa viazi huyo atalima lini?

Mambo ya kufanya

1. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, na kila mwenye kisukari, presha au jamaa aliyeugua figo, apimwe nguvu za damu, sukari na mkojo angalau mara 1 kwa mwaka. Karatasi ya kuchovya katika mkojo huonyesha protini kwa dakika chache. Kwa wenye kisukari na presha, omba pia kipimo cha albumini na cha kreatinini.

2. Usiache dawa ya presha bila kumwona daktari. Enalapril ikikuletea kikohozi, mwambie, maana iko nyingine.

3. Enalapril na losartan hazifai kwa mjamzito. Anayezitumia hupimwa kreatinini na potasiamu mara kwa mara. Akitapika au kuharisha sana, aende hospitali aulize kama azisimamishe kwa muda.

4. Punguza chumvi mezani, na acha sigara.

5. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha mzazi wako amesajiliwa na michango yake imelipwa kabla ya siku ya shida.

Basi, msomaji, mama akipiga simu tena juu ya magoti yake, usimkatalie. Mwulize kwanza alipimwa presha lini, na mkojo lini. Kama hakumbuki, mtumie nauli ya kumfikisha hospitali ya Timau kabla ya kumtumia vidonge. Na wewe uliye mjini, mwenye presha yako mwenyewe na kidonge mkobani kila kichwa kinapogonga, ulipimwa lini?