SOMO LA KIKUNDI: MTOTO WA MIAKA MIWILI ASIYESEMA

Ndugu wanakikundi, somo hili lisomwe kwa sauti, polepole, kisha mjadiliane. Akina baba nao wakae wasikilize. Si kazi ya mama peke yake.

Tuanze na jambo tunalolijua. Mama ana mtoto wa miaka miwili. Anatembea vizuri, anakula vizuri, lakini hasemi. Nyanya anasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa." Jirani anasema, "Huyo ni mkaidi, akiitwa haji." Basi mwaka unapita, na mwingine. Akipelekwa shule ndipo inajulikana kuwa mtoto hasikii. Kumbe hakuwa mkaidi! Na miaka ambayo akili yake ilikuwa tayari sana kupokea lugha imepita bure.

Lugha inakuaje?

Kusema huanza masikioni. Mtoto husikia kwanza, huelewa, halafu ndipo hutamka. Watoto hawalingani, lakini njia yao ni hii:

1. Miezi 3: anashtuka kwa kishindo, anatulia akisikia sauti ya mama.
2. Miezi 6 hadi 9: anageukia sauti, anasema "bababa", "mamama".
3. Mwaka 1: anajua jina lake, anaanza neno la kwanza.
4. Mwaka 1 na nusu: ana maneno kadhaa, anaonyesha kitu kwa kidole.
5. Miaka 2: ana maneno kama 50, anaunganisha mawili: "mama maji", "baba enda".

Angalieni hapa: hata mtoto kiziwi hulia, hucheka na kutoa sauti miezi ya kwanza. Ndiyo maana wazazi hudanganyika.

Makosa si ugonjwa

Mtoto akisema "taka maji" badala ya "nataka maji", msimcheke. Mtafiti Kamil Deen aliwasikiliza watoto wadogo wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, akaandika kitabu mwaka 2005. Aliona kwamba mara nyingi huacha kile kipande cha mwanzo kinachoonyesha nani anatenda. Ni hatua tu. Wewe mjibu kwa maneno kamili: "Unataka maji? Haya, maji haya hapa."

Lugha mbili hazimchanganyi

Hapa Garsen mtoto anasikia Kipokomo nyumbani, Kiorma kwa jirani, Kiswahili sokoni. Wengine husema ati ndiyo sababu amechelewa. Sivyo. Anaweza kuchanganya maneno, lakini ubongo wake una nafasi ya lugha zote. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Zungumza naye kwa lugha unayoimudu vizuri, unapopika, unapomwogesha, unapopepeta mpunga.

Mama asiyesoma anajua

Jirani zetu wa Kilifi walifanyiwa utafiti kwa Kiswahili na Kigiriama, uliochapishwa mwaka 2015. Familia zaidi ya 300 zenye watoto wa miezi 8 hadi 28 ziliulizwa kwa mdomo maneno anayoyajua mtoto. Majibu yalionekana ya kutegemewa, hata pale mtoto alipolelewa na watu kadhaa. Kwa hiyo mama akisema, "Mtoto wangu hanisikii," asinyamazishwe.

Pima nyumbani

Weka punje chache za mahindi ndani ya kopo. Mtu mmoja acheze na mtoto kwa mbele. Mwingine asimame nyuma, mtoto asimwone, atikise kopo polepole, kulia kisha kushoto. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, mpeleke dispensari. Hata akigeuka, kama ana miaka 2 na hana maneno, mpeleke vilevile. Mtoto aliyekuwa akisema akaacha, asicheleweshwe hata kidogo.

Homa ya uti wa mgongo, na malaria kali ya kupoteza fahamu, zinaweza kuharibu kusikia au kusema. Mtoto akipona, angalieni lugha yake. Sikio likitoa usaha, usimimine mafuta wala maziwa. Lifute kwa kitambaa safi, kisha mwende kwa daktari. Na kukata kimeo kwa wembe hakumfundishi mtoto kusema. Kunaleta damu na vidonda.

Akikutwa kiziwi je?

Si mwisho. Lugha ya ishara ni lugha kamili, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua. Kilifi kuna shule ya watoto viziwi ya Kibarani. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Ulizeni ofisi ya elimu. Familia nzima ijifunze ishara pamoja na mtoto, asije akawa mgeni nyumbani kwao.

Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwetu yuko mtoto anayeitwa mkaidi au bubu? Amepimwa masikio?
2. Nani huzungumza na watoto wetu mchana, mama akiwa shambani?
3. Mama akikosa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, mfuko wa kikundi utasaidiaje?

Kazi: kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apime mtoto mmoja kwa kopo la mahindi, alete habari.